Kioo cha mtambo kinapokatika mawasiliano: Wapi pa kuanzia, nini cha kuepuka

Na Mwandishi Wetu

NI saa nane usiku katika mtambo wa kuchenjua dhahabu nje kidogo ya mji wa Kahama. Msimamizi wa zamu anatazama kioo cha kugusa kilicho kwenye chumba cha uendeshaji. Kioo kinamwonyesha kuwa pH ya tangi la kwanza ni 10.4. Anaridhika na kuendelea na kazi nyingine. Baada ya nusu saa anatazama tena, anakuta 10.4. Baada ya saa nzima, bado ni 10.4. Hapo ndipo anaposhtuka, kwa kuwa tope linaloingia tangini halijawahi kutulia kiasi hicho.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hali yenyewe si ngeni kwa mafundi wa mitambo. Kioo hakikuzimika wala hakikupasuka. Kilichotokea ni kwamba mazungumzo kati ya kioo na kidhibiti cha mtambo yalikatika, na kioo kikabaki kuonyesha namba ya mwisho kiliyoipokea. Mtu anayeitazama namba hiyo anadhani anauona mtambo, kumbe anaona kumbukumbu.

Katika uchenjuaji wa dhahabu, kosa la namna hiyo linaweza kugharimu maisha. Dhahabu huyeyushwa kwa maji yenye kemikali ya sayanaidi, na chokaa huongezwa ili pH ibaki kati ya 10 na 11. Ikishuka hadi kukaribia 9, sehemu kubwa ya sayanaidi iliyomo majini hugeuka na kuwa tayari kuruka hewani kama gesi ya sumu kali. Ndiyo maana namba iliyoganda ni hatari kuliko kioo kilichozimika kabisa, kwani kilichozimika angalau humwambia mtu kwamba hakijui kitu.

Teknolojia iliyoenea Kanda ya Ziwa

Vifaa hivi si vigeni katika ukanda huu. Mgodi wa kisasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ukafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009 na kusitisha uzalishaji mwaka 2021. Migodi ya aina hiyo haiwezi kuendeshwa bila mitambo inayojiongoza: vinu vya kusagia mawe, pampu, mikanda ya kubebea mawe, feni za kupeleka hewa chini ya ardhi na matangi ya kuchenjulia.

Lakini kioo cha kugusa hakiko tena kwa makampuni makubwa pekee. Leo mmiliki wa mtambo wa kati wa kuchenjua marudio, au wa kuchomoa dhahabu kwenye kaboni, anaweza kununua mtambo ambao tayari umefungwa kioo na kidhibiti. Viwanda vya vinywaji, vya kuchambua pamba na vituo vya kusukuma maji navyo hutumia vifaa vya jamaa hiyo hiyo. Hivyo tatizo tunalolizungumzia hapa linamhusu fundi wa Geita, mwenye kiwanda wa Shinyanga na hata mkazi wa mjini anayesubiri maji bombani.

Nani anafanya nini

Ili kuelewa tatizo, ni lazima kwanza kutofautisha vifaa viwili ambavyo watu wengi huvichanganya.

Cha kwanza ni kidhibiti, ambacho mafundi hukiita PLC. Hiki ndicho ubongo wa mtambo. Hukaa ndani ya kabati la umeme, hupokea taarifa kutoka kwa vyombo vya kupima joto, kina, mgandamizo na pH, kisha huwasha na kuzima mota na vali kwa kufuata programu iliyomo ndani yake. Kidhibiti cha kwanza cha aina hiyo kilitengenezwa Marekani na kampuni ya Modicon katika miaka ya 1968 na 1969, wakati kampuni ya magari ya General Motors ilipotafuta njia ya kuachana na makabati yaliyojaa swichi za sumaku, ambayo yalilazimu kufungwa nyaya upya kila mtindo wa gari ulipobadilika.

Cha pili ni kioo cha kugusa, ambacho mafundi hukiita HMI au paneli. Kioo ni uso na mdomo tu. Humwonyesha mwendeshaji yale ambayo kidhibiti kinayajua, na humpelekea kidhibiti maagizo ya mwendeshaji. Katika mitambo mingi kioo hakiendeshi chochote. Kikizimika, kidhibiti huendelea kufanya kazi yake kama kawaida: pampu huzunguka, vali hufunguka na kufunga.

Kutokana na tofauti hiyo linakuja jambo kuu ambalo kila mwendeshaji anapaswa kulikariri: ukimya wa kioo hausemi chochote kuhusu hali ya mtambo. Mtambo unaweza kuwa salama, unaweza kuwa hatarini. Ni lazima kwenda kuutazama.

Kabla ya kushika bisibisi

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, si ya umeme wala ya kompyuta. Ni ya usalama wa watu. Msimamizi wa zamu katika mfano wetu anapaswa kuwaarifu wenzake kuwa kioo hakiaminiki, kisha kuhakikisha kwamba vipimo muhimu vinachukuliwa kwa mkono. Anayekwenda tangini na kipimo cha pH cha mkononi avae vifaa vyake vya kujikinga na kubeba kifaa cha kugundua gesi, kwa maana hakuna anayejua bado hewa ya mahali hapo ikoje.

Aidha, kila mtambo unapaswa kuwa na kitufe chekundu cha kuusimamisha kwa dharura, ambacho nyaya zake haziupitii mtandao wa kioo. Kitufe kilichochorwa ndani ya kioo si kitufe cha dharura, hata kikipakwa rangi nyekundu kiasi gani, kwa kuwa mawasiliano yakikatika nacho hufa. Na fundi anayefungua kabati la umeme ni lazima afuate taratibu za kufunga kufuli na kutundika kibao cha onyo.

Kioo chenyewe kinasema nini

Baada ya usalama, fundi mzuri hufanya kama daktari: huuliza na kutazama kabla ya kutibu. Swali la kwanza ni hili: nini kimebadilika tangu mara ya mwisho mtambo ulipofanya kazi vizuri? Je, kuna kioo kipya, waya uliosogezwa, umeme uliokatika, radi iliyopiga, au fundi mgeni aliyekuja na kompyuta yake? Mara nyingi jibu la swali hilo hupunguza nusu ya kazi.

Kisha atazame dalili. Ikiwa mahali pa namba zote pana alama za kuuliza au mistari, au kioo kinatoa ujumbe wa kukosa mawasiliano, kiungo chote kimekatika. Ikiwa baadhi ya namba zipo na nyingine hazipo, kiungo ni kizima na tatizo liko kwenye anwani za taarifa hizo, au kwenye kidhibiti kimoja kati ya vingi. Ikiwa namba zinabadilika lakini vitufe havitii, huenda mawasiliano hayana kosa lolote: ngozi ya kioo inaweza kuwa imechakaa, au swichi ya kuchagua uendeshaji wa mkono imeachwa upande usio wake. Na ikiwa namba zinapotea na kurudi, fundi afikirie waya uliolegea au mwingiliano wa umeme.

Umeme kwanza

Vioo na vidhibiti vingi hutumia umeme wa volti 24 wa mkondo mnyoofu, unaotolewa na kifaa kidogo kilicho ndani ya kabati. Fundi apime volti hizo kwenye maungio ya kioo chenyewe, si kwenye kifaa kinachoutoa, na apime wakati mtambo unafanya kazi. Kifaa kilichochoka kinaweza kuonyesha volti 24 mtambo ukiwa umetulia, kisha kikashuka chini ya 20 pale vali kadhaa zinapofunguka kwa pamoja. Hapo kioo hujizima na kujiwasha, na kila kinapojiwasha mawasiliano hukatika.

Taa ndogo za kidhibiti nazo zisipuuzwe. Kwa kawaida taa ya kijani yenye neno RUN huonyesha kuwa programu inaendelea, na taa nyekundu huonyesha hitilafu. Ikiwa kidhibiti chenyewe kimesimama, tatizo si la kioo tena, na kuhangaika na nyaya za mawasiliano ni kupoteza muda.

Nyaya na viunganishi

Sehemu kubwa ya hitilafu za mawasiliano huishia kwenye waya. Mitetemo ya vinu hulegeza skrubu, panya hutafuna, na vumbi la kiangazi huingia kwenye viunganishi ambavyo havikufungwa sawasawa.

Kwa mitambo inayotumia nyaya za mtandao za aina ya Etheneti, mambo matatu yakaguliwe: je, taa ndogo kwenye tundu la waya inawaka pande zote mbili? Je, swichi ya mtandao iliyopo katikati ina umeme? Na je, waya haujazidi mita 100, ambacho ndicho kikomo cha waya wa shaba wa aina hiyo? Kwa umbali mkubwa zaidi hutumika mkongo wa nyuzi za kioo.

Mitambo mingi, hasa ya zamani, bado hutumia njia ya RS-485, yenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, inayoweza kufika takriban mita 1,200. Hapa kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kubadilisha nyaya: watengenezaji hawakubaliani ipi iitwe A na ipi iitwe B, hivyo fundi aliyeunganisha A kwa A kwa uaminifu anaweza kuwa amekosea. Kuzibadilisha kwa majaribio ni jambo dogo lisiloharibu kitu.

La pili ni rizista za miisho. Kila ncha ya mstari, na si katikati, inapaswa kuwa na rizista ya omu 120 ili mawimbi yasirudi nyuma na kuvuruga yanayofuata. Kipimo chake ni rahisi: zima umeme wa vifaa vyote, kisha pima kati ya nyaya mbili. Ukipata takriban omu 60, rizista zote mbili zipo. Ukipata 120, moja haipo. Ukipata pungufu sana ya 60, kuna iliyozidi, au nyaya zimegusana.

Lugha moja, kasi moja

Nyaya zikiwa nzima, fundi aangalie kama vifaa viwili vinazungumza lugha moja. Zipo lugha nyingi za mawasiliano viwandani. Inayojulikana zaidi ni Modbus, iliyotolewa na Modicon mwaka 1979, na watengenezaji wengine kama Siemens na Allen-Bradley wana zao. Kioo kilichopangwa kuzungumza lugha ya kampuni moja hakitaelewana na kidhibiti cha kampuni nyingine, hata waya ukiwa mpya kabisa.

Katika njia ya RS-485, kasi ya pande zote mbili lazima ilingane, kwa mfano biti 9,600 au 19,200 kwa sekunde. Vivyo hivyo idadi ya biti, pariti na namba ya kituo, ambayo katika Modbus huanzia 1 hadi 247. Kosa katika kimoja tu kati ya hivyo hutosha kuleta ukimya kamili.

Katika Etheneti, kila kifaa kina anwani yake ya IP. Kama kidhibiti ni 192.168.1.10, kioo kinaweza kuwa 192.168.1.20, vyote vikiwa na kinyago cha mtandao cha 255.255.255.0. Kioo kipya kilichotoka kwenye boksi huja na anwani ya kiwandani, na hakitakiona kidhibiti hadi kipewe anwani ya jamaa moja. Vilevile, vifaa viwili vikiwa na anwani moja, mawasiliano hukatika na kurudi bila mpangilio. Kompyuta ya fundi mgeni iliyosahauliwa kwenye swichi ni mshukiwa wa kawaida. Amri ya ping kutoka kwenye kompyuta huonyesha mara moja kama kidhibiti kinafikika.

Namba zinazodanganya

Kuna hitilafu ya aina ya pekee ambayo haitoi onyo lolote. Mawasiliano ni mazima, namba zinabadilika, lakini si namba zenyewe.

Taarifa ndani ya kidhibiti hukaa katika vijumba vyenye namba, viitwavyo rejista. Watengenezaji wengine huanza kuhesabu kwenye 0, wengine kwenye 1. Kioo kilichopangwa na mtu aliyesahau tofauti hiyo kitasoma kijumba cha jirani: kina cha tangi la tatu kikaonekana kama cha tangi la pili. Vilevile, namba zenye desimali huchukua vijumba viwili. Vikisomwa kwa mpangilio wa kinyume, pH ya 10.4 inaweza kutokea kama namba kubwa isiyo na maana. Na kama kidhibiti hutuma 104 kikimaanisha 10.4, kioo lazima kiambiwe kugawanya kwa 10.

Dawa yake ni moja: baada ya matengenezo yoyote, kila namba muhimu kwenye kioo ilinganishwe na kipimo kilichochukuliwa kwa mkono kwenye kifaa husika. Mtambo usikabidhiwe kwa waendeshaji kabla ya hapo.

Mwingiliano, radi, vumbi na joto

Hitilafu zinazokuja na kuondoka ndizo zinazowachosha mafundi zaidi. Ikiwa mawasiliano hukatika kila mota kubwa inapowashwa, waya wa mawasiliano huenda umelazwa pamoja na nyaya za mota, hasa zile zinazoongozwa na vifaa vya kubadili kasi, ambavyo hutoa kelele kubwa ya umeme. Nyaya hizo zitenganishwe, na pale zinapolazimika kukutana zikatizane kwa pembe ya mraba. Wavu wa kinga unaozunguka waya wa mawasiliano uunganishwe ardhini kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Katika nyaya za RS-485, mara nyingi hufungwa upande mmoja tu ili umeme usizunguke ndani yake.

Radi nayo ni adui wa kweli katika ukanda huu. Oktoba 2018, radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi mjini Geita. Radi isiyogusa jengo inaweza bado kupitisha msukumo wa umeme katika waya mrefu unaotoka jengo moja hadi jingine na kuunguza milango ya mawasiliano ya vifaa vya pande zote mbili. Vifaa vya kukinga msukumo huo, na mkongo wa nyuzi za kioo usiopitisha umeme, ni gharama inayojilipa.

Kwa upande wa joto, vioo vingi vimetengenezwa kustahimili hewa isiyozidi takriban nyuzi joto 50. Kabati lililofungwa, lililowekwa juani, lenye chujio la feni lililoziba kwa vumbi la Shinyanga, hufika hapo bila taabu.

Mambo ya kuepuka

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii usemi huo una ushahidi. Kosa kubwa la kwanza ni kuzima na kuwasha kidhibiti kwa matumaini kwamba kioo kitarudi. Kidhibiti kikizimwa, kila kinachoongozwa nacho husimama. Vichanganyio vya matangi vikisimama muda mrefu, mchanga hutuama chini na huenda visiweze kuzunguka tena hadi tangi lisafishwe. Pampu za chini ya ardhi zikisimama, maji hupanda. Kuwasha upya kioo peke yake mara nyingi hakuna madhara. Kuwasha upya kidhibiti ni uamuzi wa mkuu wa zamu, si wa fundi peke yake.

Kosa la pili ni kuchanganya kuchukua programu kutoka kwenye kidhibiti na kupeleka programu ndani ya kidhibiti. Vitufe vyake kwenye kompyuta hukaa jirani. Anayebonyeza kisicho chake anaweza kufuta programu inayoendesha mtambo mzima na kuweka ya zamani au tupu. Kosa la tatu ni kubadilisha mambo mawili kwa pamoja, kwa kuwa mtambo ukipona hakuna atakayejua dawa ilikuwa ipi.

Kinga iliyo bora kuliko tiba

Mmiliki anaponunua mtambo, hasa uliotumika, adai vitu vinne kabla ya kulipa malipo ya mwisho: nakala ya programu ya kidhibiti, nakala ya programu ya kioo, nywila zake zote, na michoro ya nyaya. Bila hivyo, siku kioo kitakapokufa, mtambo utabaki mateka wa mtu mmoja aliye mbali. Nakala zihifadhiwe mahali pawili na kuandikwa tarehe. Baadhi ya vidhibiti vya zamani hutunza programu kwa nguvu ya betri ndogo. Betri hiyo ibadilishwe kwa ratiba, kidhibiti kikiwa na umeme.

Kwa hatari ya namba iliyoganda, ipo kinga isiyohitaji kifaa kipya. Kidhibiti hupangwa kutuma namba inayoongezeka kila sekunde. Kioo nacho hupangwa kuitazama, na ikikoma kubadilika kwa sekunde chache, kifunike namba zote na kutoa onyo kubwa. Ni mistari michache ya programu, na mwenye mtambo ana haki ya kuiulizia kwa fundi wake.

Mwisho ni elimu. Mitaala ya vyuo vya ufundi, vikiwamo vya VETA, inapaswa kumfundisha kijana kulitafuta kosa kwa utaratibu, si kufunga nyaya tu. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Wajibu huo haukomi pale kioo kinapoonyesha kwamba mambo ni shwari.

Kwa hiyo, msomaji unayefanya kazi mbele ya kioo cha namna hii, ukiona namba imetulia kupita kawaida, usiisifu. Inuka, chukua kipimo cha mkononi, wajulishe wenzako, na nenda ukautazame mtambo wenyewe.